Watuhumiwa wa Presha ya Mama

Mwaka jana, presha ya mama ilipoanza kupanda, nyumbani kwetu Bariadi hakubaki mtu asiye mtuhumiwa. Baba aliwashuku watu wa hospitali. Bibi aliishuku dawa. Mimi nilimshuku bibi. Bibi naye alinishuku mimi, ila hiyo ilikuwa kesi nyingine, ya ugoro wake uliokuwa unapungua, na kuhusu hiyo sina la kusema mbele ya wasomaji.

Nianze na mama. Mama ni fundi cherehani. Mara ya kwanza tumbo lake lilipovimba, wateja walimpongeza. "Hongera mayu, mama yetu, unatuletea kitinda mimba!" Naye alikuwa anacheka tu, anasema labda analeta timu nzima. Kumbe lilikuwa maji. Hospitali kubwa Mwanza wakampasua, wakatoa walichotoa, wakasema ni saratani ya ovari. Nilipomuuliza baba ovari ni nini, akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Ng'ombe wenyewe wako Mwamapalala, kwa bibi, na sisi tuko mjini. Akatoka hivyohivyo, na fimbo mkononi.

Kemo ya kwanza ilimnyoa mama kichwa bila kumuuliza. Tukazoea. Nikawa namwita Mheshimiwa, kwa sababu kwa kipara kile na miwani yake ya kushonea alifanana kabisa na mbunge. Kemo ikaisha, nywele zikarudi, cherehani ikarudi, tukasahau. Kumbe mama hakusahau. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alikuwa anachukua futi yake ya kitambaa, ile ya kupimia wateja, anajizungushia kiunoni, anaangalia, anaikunja. Nilidhani anatafuta umbo. Siku moja aliangalia, akarudia, akakaa kitako juu ya mabaki ya vitenge. "Mwite baba yako," akasema. Sikufanya utani wowote.

Imerudi. Hilo ndilo neno walilotumia Mwanza, na nililichukia, maana linaongea kama vile ilikwenda kusalimia ndugu.

Daktari wetu ni mama mmoja mfupi, anaongea polepole, na haonyeshi meno. Ilikuwa likizo, nikaenda nao, kwa sababu baba aliamini kwamba mtu anayesoma kidato cha tatu anaelewa kila karatasi. Daktari akasema safari hii hatatoa kemo peke yake. Ataongeza dawa nyingine, dawa lengwa, inayopitishwa kwenye dripu siku ileile ya kemo. Ina jina refu linaloishia na "zumabu", kama msanii wa singeli.

"Inafanya nini ambacho kemo haifanyi?" baba akauliza, jicho moja limefumbwa. Hivyo ndivyo anavyomtazama mtu anayepima pamba yake.

"Kemo inaua seli zinazokua haraka. Hii inazuia uvimbe usijitengenezee mishipa ya damu. Unalima mpunga, mzee?"

"Nalima."

"Basi uvimbe ni jaruba linalojichimbia mfereji wake kuiba maji. Kemo inang'oa. Hii inaziba mfereji."

Baba akafumbua jicho. Lugha hiyo anaijua. Daktari akaongeza kwamba haahidi kuponya. Mara nyingi dawa hizo mbili zikienda pamoja ugonjwa unakaa kimya muda mrefu zaidi, na maji ya tumboni yanachelewa kurudi. Mama akasema, "Nipeni hiyo." Hakutaka kusikia zaidi. Alikuwa na sare za kwaya hajamaliza kushona, na alitaka kuzimaliza kwa mkono wake mwenyewe.

Tuliporudi, bibi alikuwa ameshafika kutoka Mwamapalala kuja kuuguza. Bibi ni mama yake baba. Alikuja na sanduku lake, kifurushi chake, godoro lake, na maoni yake. Baba akamweleza habari ya majaruba, vizuri kabisa, mpaka akachora chini kwa kidole cha mguu. Bibi akasikiliza, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Huo mfereji ukizibwa," akasema, "majaruba ya jirani yanakunywa wapi?"

Baba akautazama mchoro wake, bibi akaendelea:

"Na jingine. Bwana shamba akikwambia changanya dawa mbili kwenye bomba moja, maana yake nini?"

"Mama, hii si pamba," baba akasema.

"Maana yake ya kwanza ilikuwa maji! Wadudu wamekula pamba yako, sasa anakuuzia ya pili ili usimwulize habari za ya kwanza. Nimepulizia pamba tangu wewe hujui kuvaa kaptula. Mimi naulizia hiyo ya kwanza."

Lile swali la majirani lilinikaa kichwani. Siku ya dripu ya kwanza nikampelekea daktari, nikitegemea acheke. Hakucheka. Akasema bibi yako angefaa kufundisha udaktari. Ni kweli, akasema, mishipa mingine ya mwili nayo inaisikia dawa hii. Presha inaweza kupanda, figo zinaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuchelewa kupona. Ndiyo maana kila mara kabla ya kuitundika wanapima presha na mkojo. Vikiwa vibaya, haitundikwi.

Nikaona kichupa chenyewe. Kidogo! Kama kile cha chanjo ya kideri tunachodondoshea kuku jichoni. Nilipomsimulia bibi, akasikitika. "Kile? Hakitoshi hata tetea."

Lakini mara ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na futi ya mama ikaacha kuongezeka. Alikuwa anajipima na kuniita niangalie, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu na anataka shahidi. Damu za pua zilimtoka kidogo, mdomo ukamchubuka, akawa anashona huku anasinzia, akilala anaota anashona. Lakini maji hayakurudi.

Mara ya tatu nesi akafunga kile kitambaa cha mashine mkononi mwa mama, mashine ikakoroma, nesi akaangalia, akafungua, akafunga mkono wa pili. Akaenda kumwita daktari. Presha ilikuwa juu. Wakampa kemo peke yake. Kichupa kikarudi kwenye friji. Tukapewa vidonge vya presha na maneno: punguzeni chumvi, anywe vidonge, mrudi.

Hapo ndipo kushukiana kulipoanza rasmi.

Baba kwenye benchi la hospitali alikuwa ameongea na mzee mmoja kutoka Sengerema, na wazee wakiongea kwenye benchi la hospitali huwa hawatoki na habari njema. "Kichupa kile," baba akaniambia kwa sauti ya chini, "kimepewa mtu. Mke wa mkubwa fulani. Mashine unaweza kuiambia iseme lolote."

"Baba, mashine haiambiwi."

"Mizani ya pamba inaambiwa."

Simiyu nzima haina jibu hapo.

Bibi yeye alisema mwili wa mama unaikataa dawa, na mwili una akili kuliko daktari. Mimi nikasikiliza wote wawili, nikaangalia kifurushi cha bibi kilichokuwa juu ya sanduku lake, kimefungwa mafundo ambayo hata jeshi lisingeyafungua. Tunajua sote vifurushi vya mabibi. Kwetu mtu akiugua, kuna dawa ya hospitali na kuna dawa ambayo hakuna anayeisema. Nikajiambia: bibi anamnywesha mama mizizi, na mizizi inagombana na vidonge. Kesi imekwisha. Bado ushahidi.

Jumamosi bibi alipokwenda kuoga, nikakifungua. Kitambaa ndani ya kitambaa ndani ya mfuko wa rambo. Nikakuta kikopo cha ugoro, rozari, picha ya babu akiwa na koti la kuazima, na mzizi. Mzizi mnene, umetafunwa upande mmoja. Nikaunusa. Mlango ukafunguka.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, maji yanamtiririka. Bibi ananiita hivyo tangu nilipozaliwa, kwa sababu anadai kwamba nataka kumnyang'anya babu, ingawa babu alifariki zamani. "Unanusa mswaki wangu?"

"Mswaki?"

"Unataka nikuonyeshe unavyopigwa? Meno yangu haya yote ni yangu, wewe una mangapi ya kuoza?"

"Bibi, humnyweshi mama kitu?"

Akakaa kitandani, kanga inalowesha shuka. Akanitazama mpaka nikatamani kuwa mtoto wa nyumba nyingine. "Nilitaka," akasema. "Nilikwenda kwa mtu, akanipa. Nikaileta mpaka kizingitini. Nikajiuliza, nikichanganya hii na ile nisiyoijua, nami nitakuwa bwana shamba? Nikaimwaga chooni." Kisha akanyoosha mkono. "Sasa rudisha ugoro."

Mtuhumiwa wangu akawa ameachiwa huru. Nilihuzunika kweli. Mtu ukikosa wa kumshuku, unabaki na ugonjwa wenyewe.

Safari iliyofuata presha ikawa juu zaidi. Kemo peke yake tena. Daktari akawakalisha baba na mama. Mimi safari hiyo nilikuwa shule, mama akanisimulia jioni huku akitia uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa unakataa. Daktari alisema hivi: mkija tena na presha ya namna hii, naiondoa dawa hii moja kwa moja. Naogopa mshipa wa kichwani. Tutaendelea na kemo tu, na tutaona.

"Tutaona nini?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo," mama akasema. "Tutaona." Akanipa sindano nimtilie.

Sasa bibi, baada ya kushukiwa, alichukua amri ya chumvi kama sheria ya jeshi. Alilichukua kopo la chumvi akalifungia sandukuni, ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hakuna polisi wa kupekua. Nyumba nzima ikala chakula kitupu. Maharage yalikuwa kama kuomba msamaha. Mimi nilikuwa nikifika shule nanunua mihogo ya kukaanga nalamba chumvi ya juu kama ndama kwenye jiwe. Baba alilalamika mara moja, bibi akamwambia, "Wewe ndiye mgonjwa?" Akaacha.

Mama hakula karibu chochote. Ugali ulimrudi, viazi vikavu vya matobolwa vilimkwama, nyama ilimnukia chuma. Kitu kimoja tu kilipita: nsansa ya bibi. Kwa asiyejua, nsansa ni majani ya kunde yaliyoanikwa, na yakikosewa ni kama kutafuna mkeka. Bibi hayakosei. Yanatoka chunguni laini, kijani cha kung'aa, yamelala ndani ya karanga. Mama alikula mchana, akala jioni, na bibi alikaa mbele yake anahesabu matonge kwa macho. Hata mama angekuwa ameshiba asingeweza kusema. Mkamwana hakatai chungu cha mama mkwe. Kwa kawaida yeye ndiye wa kumpikia, si wa kupikiwa, kwa hiyo kila tonge alilimeza na aibu kidogo. Bibi aliona tu kwamba linamezwa.

Kisha ikaja siku ya kemia.

Mwalimu wa kemia alituambia tuje na vitu vya jikoni: limau, majivu, magadi. Maabara yetu ina mifupa ya binadamu ya plastiki na chupa tatu, kwa hiyo vya jikoni vinasaidia. Nikachukua magadi kwenye mfuko uliokuwa chini ya kabati. Shangazi yangu wa Mwanhuzi huwa anatuletea, mabonge meupe yenye kijivujivu, maana huko kwao yanapatikana. Nilishangaa kidogo. Mfuko aliouleta ulikuwa umejaa, sasa ulikuwa umelegea.

Darasani nikayadondoshea limau, yakafoka povu. Nikasema kwa sauti kwamba huyu ni mwalimu mkuu akiona suruali ya kubana. Darasa likacheka. Mwalimu akangoja.

"Haya, mchekeshaji. Hicho ulichoshika ni nini?"

"Magadi."

"Kikemia."

"Magadi yenye hasira."

"Sodiamu kaboneti," akasema, akaandika ubaoni. Mvulana mmoja wa mbele, wale wanaouliza ili waonekane, akasema, "Mwalimu, sodiamu si ipo kwenye chumvi?"

"Ipo. Chumvi ni sodiamu na klorini. Hii ni sodiamu na wenzake wengine. Sodiamu ni ileile. Ukila hii au ile, mwili haukuulizi umeitoa kopo gani."

Nikaangalia mkono wangu. Nesi wa Mwanza, siku ile presha ilipopanda mara ya kwanza, alisema baya la chumvi kwa mtu wa presha ni sodiamu iliyomo, na mimi nikasema kwa mama kwamba Sodiamu lingefaa kuwa jina la dume la ng'ombe. Bibi hutia magadi kwenye nsansa. Ndiyo siri ya ulaini wake. Kila bibi wa Simiyu hutia. Na kwetu magadi si chumvi. Hata ukimwambia mtu akuondolee chumvi duniani kote, magadi yatabaki, kwa sababu hayako kwenye kopo la chumvi wala hakuna anayeyaita chumvi. Ni dawa ya kulainisha mboga tu. Na kwa kuwa chumvi imeondolewa, na mboga imepooza, bibi atakuwa ameongeza kidogo. Na kidogo tena.

Sikusema utani wowote mpaka kengele. Mwalimu aliniuliza kama nina malaria.

Nilimwambia mama kwanza. Alikuwa peke yake dukani, anapindua upindo. Akasimamisha cherehani kwa kiganja.

"Una uhakika?"

"Kuhusu sodiamu nina uhakika. Kuhusu presha yako sina."

"Nilikuwa nahisi ladha," akasema. "Nikasema ni mdomo wangu, kemo imeuharibu." Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Usimwambie bibi yako. Kaacha shamba lake, kaja kunipikia mimi. Unataka umwambie amekuwa akiniua kwa kijiko? Nitakula kidogo kidogo. Nitasema nimeshiba."

"Atajua unakataa chungu chake."

"Basi ajue hivyo."

"Na ile dawa wakiiondoa?"

Alirudisha mguu kwenye pedali. Nilielewa kwamba mama yangu yuko tayari kupoteza dawa aliyoililia mwenyewe kuliko kumwaibisha mama mkwe wake, na kwamba baba naye hawezi kumwambia mama yake neno kama hilo bila nyumba kugawanyika. Nani mwingine anaweza? Nikapiga hesabu ya watu wa nyumba ile, nikabaki mimi. Mjukuu na bibi wana utani. Mjukuu anaweza kumwita bibi yake mchawi mbele ya padri na wote wakacheka. Ni ruhusa ya kuzaliwa nayo.

Nilimkuta jikoni, anapepeta karanga.

"Mke mwenzangu," nikasema, "leo nimekukamata."

"Ugoro tena?"

"Unamroga mkwe wako. Tena hadharani, kwa mwiko."

Akacheka, akanirushia ganda. "Nimroge ili iweje, nirithi cherehani?"

"Sijui. Lakini uchawi wako nimeuona leo shuleni, umeandikwa ubaoni." Nikavuta mfuko wa magadi chini ya kabati, nikauweka mbele yake. "Huyu na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Umemfunga kaka mtu sandukuni, mdogo wake unamlisha mgonjwa mchana na jioni."

Aliendelea kucheka kidogo, kama gari lililozimwa injini likiwa kwenye mteremko. Kisha kicheko kikasimama. Ungo ukabaki mkononi. Nilitamani niseme jambo lolote la kuchekesha, lakini yote yalikuwa yameniishia.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi tu." Nilidanganya, na hata leo ningedanganya tena.

"Mama yako?"

"Hajui."

Akanitazama na jicho lake la mizani. Baba kalitoa kwake. Nadhani alijua. Akaweka ungo chini. "Nimekula magadi tangu sijaota meno. Mama yangu alikula, akafa mzee, hana hata kikohozi. Siamini. Mwalimu wako ni wa wapi?"

"Wa Moshi."

"Unaona! Anajua nini cha nsansa?" Akausukuma mfuko pembeni. "Lakini nitaacha. Si kwa kuamini. Nataka tuone nani mwongo, mimi au ubao. Na siku ya kwenda Mwanza nakwenda mwenyewe. Nataka nisikie kwa yule daktari wenu mdomoni mwake."

Nsansa bila magadi ni vita. Bibi aliamka alfajiri kuiloweka, akaitwanga, akaichemsha mpaka kuni zikaisha, akatia nyanya, akatia limau, bado ilikuwa ikimkwaruza mama koo. Mama alikula matonge machache akaomba maji. Akapungua. Sasa tulikuwa na hofu mbili zinazovutana: asipokula atadhoofu mpaka kemo yenyewe ishindikane, akila presha inapanda. Baba, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, akaanza kumshuku bibi. "Mama, mboga imekuwaje? Mbona huipiki kama zamani?" Bibi akameza tusi; nililiona likishuka.

Siku ya Mwanza tulikwenda wote wanne. Bibi alivaa kitenge cha Pasaka, na ndani ya fundo la kanga alikuwa amefunga bonge la magadi, kielelezo cha mahakamani.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akamsalimia daktari kwa Kisukuma, akimwita mwanangu, na daktari, ambaye si Msukuma, akajibu vizuri tu. Bibi akafungua fundo, akaliweka bonge juu ya meza, katikati ya mafaili. "Nimeambiwa hili linapandisha presha. Wewe unasemaje? Na usinifiche kwa sababu ya nywele nyeupe."

Mama akaangalia sakafu. Baba akalitazama bonge, akamtazama bibi, akanitazama mimi, na nikaona anapanga upya watuhumiwa wake wote.

Daktari aliligeuza bonge. "Anakula kila siku?"

"Alikuwa anakula. Mara mbili. Nimeacha tangu tulipoanza kubishana."

"Linapandisha, bibi. Lakini na dawa yenyewe inapandisha, niliwaambia. Kipi kati yao kimepandisha kiasi gani, hilo siwezi kukutenganishia. Kosa ni letu pia. Tulisema chumvi, tukadhani tumesema yote. Sikuuliza mnapikia nini."

Bibi hakutegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kwa hukumu au ushindi, hakupewa hata kimoja. Akalifunga bonge lake tena, polepole.

Baba akasema kabla mama hajapimwa apimwe yeye, ili mashine ijaribiwe. Nesi akachoka, akamfunga. Mashine ikakoroma. Nesi akaangalia, akafunga mkono wa pili.

"Mzee, wewe una presha kubwa."

"Mimi?"

"Umekuwa ukila mboga hiyohiyo?"

"Nilikuwa namalizia ya mgonjwa," baba akasema. "Kila siku. Isitupwe." Mama akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, mpaka nesi akamwambia atulie, kucheka kunapandisha. Akaambiwa akae bila kuongea, miguu chini. Sisi wote tukanyamaza naye. Sijawahi kuona familia yetu kimya hivyo, hata kanisani.

Mashine ikamshika mkono, ikabana, ikaachia kwa kupumua. Nesi akaandika. Hakutuangalia. Akampelekea daktari.

Daktari alisoma, akachukua mkono wa mama, akapima tena mwenyewe kwa ile mashine ya zamani ya kupampu, na masikio yake. Ikachukua muda. Nikaanza kumshuku, kwamba anatafuta maneno.

"Imeshuka," akasema. "Haijawa nzuri. Imeshuka vya kutosha kwa leo. Mkojo uko sawa. Naongeza kidonge, na tunatundika zote mbili. Kilo zimepungua, hilo silipendi, tutaliongelea. Mkirudi imepanda, neno langu ni lilelile."

"Itamponya?" Hilo lilinitoka mimi, mbele ya mama, kama mjinga.

"Hapana," daktari akasema. "Inachelewesha."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Kwa miezi yote ile hilo ndilo neno pekee nililosikia pale ambalo sikulitafutia kasoro.

Kwenye chumba cha dripu mama alichagua kiti cha karibu na dirisha, akavuta kilemba mpaka machoni. Kemo ikapita kwanza. Nesi alipoleta kile kichupa, bibi akainuka.

"Kifungulie hapa. Mbele yetu."

"Bibi, ndiyo nafungua hapa siku zote."

"Basi leo fungua nikiwa nimesimama."

Nesi akakiinua kwenye mwanga, akamwonyesha kizibo, akakivuta kwa sindano, akakiingiza kwenye chupa ya maji, akaitundika. Baba alisogea akasoma jina herufi kwa herufi, akakwama katikati, akaendelea. Tone la kwanza likaanguka. Mama alikuwa amefumba macho lakini alisema, "Mama, kaa. Umesimama tangu asubuhi."

"Nitakaa," bibi akasema, na hakukaa. "Wewe lala, mayu. Mimi naiangalia."